Sahani ya msukuma mkokoteni: hesabu ya kalori na shilingi

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipochora mstari wa umaskini wa chakula katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, ilimhesabia mtu mzima wa Tanzania kalori 2,200 kwa siku. Kenya, katika utafiti wake wa 2015/16, ilimhesabia 2,250. Kapu la mlo wenye afya ambalo FAO na Benki ya Dunia hulitumia kulinganisha nchi na nchi lina kalori 2,330. Kati ya namba ndogo na kubwa hapo pana tofauti ya kalori 130, sawa na ndizi mbivu moja na nusu hivi. Kijana wa kilo 60 anayesukuma mkokoteni Kariakoo, Dar es Salaam, kutwa nzima anahitaji, kwa kanuni za FAO hiyohiyo na wenzake, takriban kalori 3,510.

Namba hizo tatu ni wastani wa watu wa kila aina, na wastani si kosa. Tatizo huanza pale wastani unapochukuliwa kuwa ndio mahitaji ya kila mtu, kisha bei yake ikachukuliwa kuwa ndiyo bei ya kushiba vizuri. Hapa tunampigia hesabu mtu mmoja ambaye wastani unampita: anahitaji nini, kinagharimu kiasi gani, na fedha ikipungua ni nini kinachoondoka kwanza kwenye sahani yake.

Kalori 3,510 zinatoka wapi

Kalori ninayoitaja humu ni kilokalori, ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Mahitaji ya mtu huhesabiwa kwa hatua mbili. Kwanza hupatikana nguvu ya msingi, yaani kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umelala tu, moyo ukidunda na mapafu yakivuta hewa. Kisha kiasi hicho huzidishwa kwa kipimo cha shughuli. Ripoti ya wataalamu wa FAO, WHO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, iliyochapishwa 2004, inaweka kipimo hicho kati ya 1.40 na 1.69 kwa mtu wa kukaa, 1.70 hadi 1.99 kwa mwenye shughuli za wastani, na 2.00 hadi 2.40 kwa mwenye kazi nzito.

Kwa mwanamume wa miaka 18 hadi 30, nguvu ya msingi ni uzito wake mara 15.057, kisha jumlisha 692.2. Kijana wetu wa kilo 60 anapata kalori 1,596. Angekuwa karani wa kukaa mezani, kwa kipimo cha 1.55, angehitaji 2,473. Kwa kuwa anasukuma mkokoteni, tunamwekea 2.20, katikati ya kundi la kazi nzito, na jibu ni 3,510. Watu wawili wa umri mmoja na uzito mmoja, na baina yao pana kalori 1,037.

Hiyo 2.20 yenyewe ni ya kuhojiwa. Msukuma mkokoteni hasukumi saa zote. Kuna saa za kukaa kivulini akisubiri mzigo. Siku ya mizigo michache kipimo chake kinaweza kushuka hadi 1.90, naye akahitaji 3,032. Siku ya mzigo wa mfululizo kinaweza kufika 2.40, na mahitaji yakawa 3,829. Kila kosa la 0.1 katika kipimo cha shughuli linabadilisha jibu kwa kalori 160. Kwa bei nitakazotumia, kalori 160 za unga ni shilingi 89. Makosa ya kukadiria jasho, basi, yanapotosha bajeti kidogo sana, na sababu yake itaonekana hapo chini.

Tumlinganishe pia na mtu anayejishughulisha kwa njia nyingine: karani yuleyule wa kilo 60 ambaye ameanza kukimbia kilomita tano, mara tatu kwa wiki. Kukimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Hiyo ni kalori 300 kwa kila mbio, 900 kwa wiki, 129 kwa siku. Mahitaji yake yanapanda kutoka 2,473 hadi 2,602. Mazoezi ya aina hiyo yana faida kubwa kwa moyo na sukari ya damu, lakini kwa upande wa chakula hayadai zaidi ya ndizi moja na nusu. Ushauri wa lishe kwa “watu wenye shughuli nyingi” mara nyingi humlenga huyu. Mwenye pengo la zaidi ya kalori 1,000 ni yule mwingine.

Bei ya kalori 100

Bei ninazotumia ni za rejareja, za mviringo, zilizokadiriwa kwa soko la Dar es Salaam ili hesabu iweze kufuatwa. Msomaji wa Mbeya au Mwanza aweke za kwake. Njia ni ileile. Sembe shilingi 2,000 kwa kilo, mchele 3,000, maharage 3,500, karanga 5,000, sukari 3,000, dagaa wakavu 12,000, nyama ya ng’ombe 12,000. Mafuta ya kupikia 7,000 kwa lita, maziwa 2,500 kwa lita, yai 400, ndizi mbivu 200. Mboga, zikichanganywa za majani, nyanya, karoti na vitunguu, 2,000 kwa kilo.

Kilo ya sembe ina takriban kalori 3,600, kwa hiyo kalori 100 za sembe zinagharimu shilingi 56. Kwa hesabu hiyohiyo sukari ni shilingi 77, mchele 83, mafuta 86, karanga 88 na maharage 103. Halafu bei inaruka. Ndizi mbivu ni 222, dagaa 375, maziwa 385, yai 571, nyama 600, na mboga 727. Hakuna chakula kati ya shilingi 103 na 222. Chini ya mwanya huo viko vyakula vya kutia nguvu, juu yake viko vyakula vya kulinda mwili, na kalori moja ya mboga inagharimu mara 13 ya kalori moja ya sembe.

Ulinganisho huo hauwatendei haki mchicha na nyanya, kwa kuwa hakuna anayekula mboga ili apate kalori. Mboga huliwa kwa ajili ya vitamini A, vitamini C, foleti na nyuzinyuzi. Lakini mwenye shilingi 3,000 mfukoni na njaa tumboni ananunua kwanza kitakachomwezesha kurudi kwenye mkokoteni, na kwa kipimo hicho sembe inashinda kila kitu sokoni.

Tukibadili kipimo kutoka kalori kwenda protini, mpangilio unageuka. Gramu moja ya protini kutoka kwenye maharage inagharimu takriban shilingi 16, kutoka kwenye karanga 20, na kutoka kwenye dagaa wakavu 20 pia. Kutoka kwenye nyama ni 60, kwenye yai 67, kwenye maziwa 78. Dagaa ambao kwa kalori walionekana ghali kama maziwa, kwa protini wanagharimu robo tu ya bei ya maziwa. Kwa hiyo anayesema chakula fulani ni “rahisi” aulizwe kwanza: ni rahisi kwa kipimo gani?

Kapu la kalori 2,330

Kapu la mlo wenye afya lina makundi sita, na kila kundi lina kalori zake. Nimelijaza kwa vyakula vya kawaida vya jikoni na kwa bei za hapo juu:

- Wanga, kalori 1,160: sembe gramu 161 na mchele gramu 161. Shilingi 805.
- Vyakula vya asili ya wanyama, kalori 300: dagaa gramu 47 na maziwa mililita 230. Shilingi 1,140.
- Kunde na karanga, kalori 300: maharage gramu 59 na karanga gramu 17 hivi. Shilingi 294.
- Mboga, kalori 110: takriban gramu 400. Shilingi 800.
- Matunda, kalori 160: ndizi moja na kipande cha papai. Shilingi 500.
- Mafuta, kalori 300: mililita 37. Shilingi 259.

Jumla ni shilingi 3,798 kwa siku, au 113,940 kwa siku 30. Wanga ni nusu ya kalori zote lakini ni asilimia 21 tu ya gharama. Vyakula vya wanyama, mboga na matunda kwa pamoja vinatoa kalori 570, asilimia 24, na vinachukua shilingi 2,440, asilimia 64. Robo ya nguvu inakula karibu theluthi mbili ya fedha.

Weka shilingi 3,798 hizo kando ya mstari wa umaskini wa chakula. Mwaka 2017/18 mstari huo ulikuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani 1,125 kwa siku. Bei zimepanda tangu wakati huo. Mfumuko wa bei wa Tanzania umekuwa kati ya asilimia 3 na 4.5 kwa mwaka. Tukichukua asilimia 4 kwa miaka minane, 1,125 inakuwa takriban 1,540. Kapu letu ni mara mbili na nusu ya hapo.

Tofauti hiyo haina maana kwamba mmoja kati ya wahesabu hao amekosea. Mstari wa umaskini hujengwa kwa vyakula ambavyo kaya zenyewe hula, kisha huulizwa kalori 2,200 za mlo huo zinagharimu kiasi gani. Kapu la mlo wenye afya hujengwa kwa vyakula ambavyo mwili unavihitaji. Kaya inaweza kuwa juu ya mstari wa kwanza kwa mbali na bado ikashindwa kulifikia kapu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2025 kuhusu uhakika wa chakula na lishe duniani ilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 2.6 walikuwa hawamudu mlo wenye afya, na kwa Afrika ilikuwa asilimia 66.6 ya watu wote. Makadirio hayo yametumia kapu la kalori 2,330. Asiyemudu kapu hilo na bado akatumia kalori 3,510 kwa siku anahesabiwa mle mara moja tu, kama wengine.

Kalori 1,180 za ziada

Kutoka 2,330 hadi 3,510 kuna kalori 1,180. Njia ya kwanza ya kuzipigia bei ni kukuza kapu zima kwa uwiano, yaani kuzidisha kila kundi kwa 1.506. Gharama inapanda hadi shilingi 5,720. Njia hii ni nyepesi kwa karatasi, lakini inadhani kwamba anayesukuma mkokoteni anahitaji gramu 600 za mboga na matunda matatu. Hahitaji. WHO inapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kapu letu limeshavuka kiwango hicho.

Njia ya pili ni kuacha kapu kama lilivyo na kuongeza vyakula vya kutia nguvu tu: kalori 600 za sembe kwa shilingi 333, kalori 300 za maharage kwa shilingi 309, na kalori 280 za mafuta kwa shilingi 242. Nyongeza ni shilingi 884, na jumla inakuwa 4,682. Kalori zimeongezeka kwa asilimia 51. Gharama imeongezeka kwa asilimia 23. Ndiyo maana kosa la kukadiria jasho halikuwa na uzito mkubwa: jasho hulipwa kwa vyakula vya upande wa chini wa ule mwanya.

Ipo njia ya tatu, ya kuongeza sembe peke yake. Inagharimu shilingi 656, na jumla ni 4,454, nafuu ya shilingi 228 tu. Lakini tumbo nalo lina hesabu yake. Gramu 100 za unga hutoa ugali wa gramu 300 hivi. Kwa njia ya pili kijana anakula takriban kilo moja ya ugali kwa siku pamoja na wali. Kwa njia ya tatu anakaribia kilo moja na nusu. Mililita 35 za mafuta ya ziada zinabeba kalori 280 bila kujaza sahani. Kwa mtu anayekula haraka kati ya mzigo na mzigo, shilingi 228 za kupunguza ujazo huo si hasara.

Vipi kuhusu protini, ambayo wauzaji wa virutubisho huitaja kwanza? Kapu la msingi, kabla ya nyongeza, lina takriban gramu 84. Kiwango salama kwa mtu mzima ni gramu 0.83 kwa kilo ya mwili, ambazo kwa kilo 60 ni gramu 50. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1.2 hadi 2.0 kwa kilo, yaani 72 hadi 120. Kwa njia ya pili kijana anapata karibu gramu 116, bila unga wa kopo wala nyama.

Mizani ya wakimbiaji wa Kenya

Hesabu za mezani zinahitaji kupimwa kwa watu halisi. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera walichapisha vipimo vya siku saba vya mlo wa wakimbiaji kumi wa kiwango cha juu nchini Kenya. Wastani wa ulaji ulikuwa kalori 2,987 kwa siku, na matumizi yalikadiriwa kuwa 3,605. Wanga ulitoa asilimia 76.5 ya nguvu, mafuta 13.4, protini 10.1. Protini ilifika gramu 1.3 kwa kilo ya mwili, ndani ya kiwango kinachopendekezwa.

Pengo la kalori 618 kwa siku si dogo, ni asilimia 17 ya matumizi. Uzito wa wakimbiaji ulikuwa wastani wa kilo 58.9 siku ya kwanza na 58.3 siku ya saba. Kalori 618 mara saba ni 4,326, na kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Pengo hilo, kama ni la kweli, lingepunguza kilo 0.56, mizani ilionyesha 0.6. Namba zinakaribiana, lakini nusu kilo hupatikana pia kwa maji mwilini, na siku saba za watu kumi ni ushahidi mwembamba. Tunachoweza kusema ni kwamba hata wakimbiaji hodari hawakulazimika kula milo ya ajabu.

Vyakula vinne vilitoa asilimia 70 ya nguvu yao: ugali 23, sukari 20, wali 14, maziwa 13. Kwa bei zetu za Dar es Salaam, vinne hivyo vingegharimu shilingi 2,683 kwa siku, na kati ya hizo maziwa peke yake ni 1,494, zaidi ya nusu. Bonde la Ufa, wanakotoka wakimbiaji wengi wa Kenya, ni nchi ya ng’ombe, na maziwa ni chakula cha nyumbani. Mlo huohuo ukihamishiwa Kariakoo unabadilika bei kabla haujabadilika ladha. Hivyo mlo wa wakimbiaji uigwe kwa mantiki yake: wanga mwingi wa bei ya chini, na chakula cha wanyama ambacho eneo lenyewe linakitoa. Kwa Tanzania, chakula hicho mara nyingi ni dagaa.

Moto, maji na saa mbili

Kapu la kimataifa lina upungufu mmoja ambao kila mpishi anaujua: linapiga bei ya chakula kibichi. Maharage hayaliwi mabichi. Tukikadiria shilingi 1,500 za mkaa kwa siku, kijana anayepika peke yake chumbani anatumia 6,182 badala ya 4,682, nyongeza ya asilimia 32. Moto unamgharimu zaidi ya zile kalori 1,180 za ziada. Saa mbili za kupika baada ya kazi hazijahesabiwa, wala maji, wala chumvi na majani ya chai.

Ndiyo sababu wengi wa kazi hizo hula kwa mama lishe. Tuchukue siku moja: asubuhi chapati mbili, maharage na chai kwa shilingi 2,000, takriban kalori 710, mchana wali maharage na mboga kwa 2,500, takriban 900, jioni ugali samaki kwa 3,000, takriban 900. Ametumia shilingi 7,500 na kupata kalori 2,510. Bado ana upungufu wa kalori 1,000. Kwa bei hiyohiyo ya kalori, kufika 3,510 kungemgharimu karibu shilingi 10,500.

Shilingi 10,500 dhidi ya 4,682 inaonekana kama faida kubwa ya mama lishe. Toa mkaa, maji, viungo, ushuru wa eneo, sahani zinazovunjika na wali unaobaki, kisha gawanya kinachosalia kwa saa zake tangu alfajiri. Bei ya sahani yake ni bei halisi ya chakula kilichopikwa. Bei isiyo kamili ni ile ya kapu.

Mshahara upande wa pili

Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Chakula cha kijana wetu, kwa shilingi 4,682, ni 140,460 kwa mwezi, sawa na asilimia 28 ya kima hicho. Kwa mtu mmoja, inawezekana.

Lakini watu wachache hula peke yao. Mwongezee mke kwa kapu la kawaida la 3,798, na watoto wawili ambao tuwahesabu pamoja kama mtu mzima mmoja na nusu, shilingi 5,697. Jumla ni 14,177 kwa siku, 425,310 kwa mwezi, asilimia 85 ya kima cha chini cha serikali. Weka mkaa wa familia kwa 1,500 zilezile kwa siku, na inakuwa 470,310, asilimia 94. Kodi ya chumba, nauli na sare za shule zinabaki na shilingi 29,690. Kwa sekta binafsi, amri ya mishahara iliyotangazwa Oktoba 2025 ilitajwa kuleta wastani wa kima cha chini wa 358,322. Chakula hicho, hata kabla ya mkaa, ni asilimia 119 ya kiasi hicho. Na msukuma mkokoteni hana mwajiri. Hakuna kima kati ya hivyo kinachomhusu.

Ushauri wa kawaida hapo ni kununua kwa busara. Tuupime. Tukibadilisha maziwa ya shilingi 577 kwa kalori 100 za maharage na 50 za dagaa, tunalipa 291 na kuokoa 286. Na dagaa wakiliwa na mifupa yao, kalsiamu haipotei yote. Tukifuata matunda ya msimu na kupunguza gharama yake nusu, tunaokoa 250. Jumla ni 536 kwa siku, asilimia 11 ya 4,682. Kuchagua dona badala ya sembe hakuokoi sana fedha, ila kunabakiza vitamini B na nyuzinyuzi ambazo kinu cha kukoboa huziondoa. Ushauri ni mzuri, na thamani yake ni asilimia 11.

Tuangalie na upande wa bei zikipanda. Sembe ikipanda kwa asilimia 50, sahani ya kijana inaongezeka shilingi 328, asilimia 7. Mboga zikipanda kwa asilimia hiyohiyo, inaongezeka 400, asilimia 8.5. Vyakula vya wanyama vikipanda hivyo, ni 570, asilimia 12. Bei ya unga hujadiliwa kila msimu kwa sababu inagusa shibe. Bei ya mchicha na dagaa inagusa mlo kamili kwa uzito mkubwa zaidi, na haijadiliwi sana.

Kinachoondoka kwanza

Tumalize kwa hesabu moja ambayo kaya nyingi huifanya bila karatasi. Ondoa vyakula vya wanyama, mboga na matunda kwenye sahani ya shilingi 4,682. Umeokoa 2,440. Rudisha kalori 570 zilizopotea kwa kununua sembe ya shilingi 317. Sahani mpya inagharimu 2,559, asilimia 45 chini ya ile ya kwanza, na ina kalori 3,510 zilezile. Kwa kuhesabu gramu, hata protini inabaki karibu 86.

Mtu huyo hatakonda. Ataendelea kusukuma mkokoteni, na utafiti wowote unaohesabu kalori utamwandika kuwa ameshiba, tena kuzidi wastani kwa 1,310 ukimlinganisha na mstari wa 2,200. Lakini sahani yake haina vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vya asili ya wanyama, haina chanzo cha maana cha vitamini A, na haina vitamini C inayousaidia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye maharage. Upungufu huo huonekana hospitalini, na huchukua muda. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu; malaria na minyoo vimo katika sababu, na sahani ya aina hii imo pia.

Kazi nzito iliongeza shilingi 884 kwenye bei ya chakula cha siku. Kuuacha ulinganifu wa mlo kunapunguza shilingi 2,123. Namba ya kwanza hulipwa siku hiyohiyo kwa sababu njaa haisubiri kesho. Ya pili inaweza kuahirishwa leo, na kesho, na mwezi ujao, bila mizani kuonyesha chochote. Anayepanga mshahara, ushuru wa soko au bei ya mkaa anaamua kama kijana yule ataahirisha au hataahirisha.